Kikohozi Alichokiacha Baba

Ilikuwa saa kumi na mbili kasorobo asubuhi nilipomsikia baba akikohoa sebuleni, siku chache baada ya kumzika.

Saa hiyo naijua kwa sababu jirani wa ukuta wa pili alikuwa na redio iliyowashwa kila alfajiri, na mtangazaji alikuwa ametoka tu kuitaja. Sikuwa ndotoni. Nilikuwa nimeketi kwenye kitanda cha chumba cha nyuma, nikitafuta soksi ya pili ya shule kwa kupapasa ili nisimwamshe mdogo wangu. Kikohozi kilikuja kama kilivyokuja siku zote: kifupi, kifupi, kisha kirefu chenye mkwaruzo mwishoni, kama gunia linaloburutwa kwenye saruji. Kikafuatiwa na kimya kidogo. Halafu ile sauti ya chini, ya mtu anayeona aibu kuwasumbua wenzake usingizini: “Niko sawa.”

Nilikimbia na soksi moja mguuni. Mama alikuwa ameketi wima kitandani kwake, nyuma ya pazia lililogawa sebule, leso mabegani, uso umelowa. Hakuwa ananitazama. Alikuwa anatazama juu, penye tundu la waya lililoning’inia kwenye boriti. Ndani yake Utingo, kasuku wa baba, alikuwa anajikuna shingo kwa ukucha, ametulia kama aliyemaliza kazi yake.

“Rudi ulale, Nekesa,” mama akasema. “Ni Utingo tu.”

Nilirudi, na nikaondoka na jambo moja kichwani: ndege huyu anamliza mama. Lilikuwa jambo dogo na la wazi kabisa kwangu. Kila kilichofuata kilijengwa juu yake.

Haya yamenirudia juzi kwa sababu ya karanga. Binti yangu alikuwa akizikaanga kwenye sufuria bila mafuta, akaziacha kidogo akaenda kujibu simu, na yale maganda membamba mekundu yakaanza kuungua. Mimi si mtu wa kulizwa na harufu. Niliishia kidato cha pili, mengine nimejisomea mwenyewe, na nimezoea kukitafutia kitu sababu kabla ya kukionea uchungu. Lakini nilitoka nje nikasimama penye kamba ya nguo mpaka harufu ikaisha.

Nianze na ndege mwenyewe. Baba alikuwa dereva wa lori la mahindi. Alibeba magunia kutoka Kitale na Moi’s Bridge mpaka mpakani Malaba, na safari moja akarudi na kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, ndani ya katoni ya sabuni iliyotobolewa matundu. Alisema amemnunua kwa Mkongo mmoja pale kwenye foleni ya malori. Mama alimuuliza bei, baba akacheka. Alimuuliza tena, baba akasema dereva bila utingo hawezi kurudisha lori nyuma, kwa hiyo huyu ni utingo wake wa nyumbani, na jina likabaki hapo. Siku zile hatukujua kwamba kuna sheria ya kufuga ndege kama huyo. Pale Matisi, mtaa wa Kitale, kwenye ploti yetu ya milango sita, watu walijua tu kwamba kwa Mama Nekesa kuna kitu kinachozungumza. Utingo alikuwa na mlio wa geti la ploti, na kilio cha mtoto wa mlango wa tatu, na mluzi wa muuza maziwa aliyepita na baiskeli akiwaamsha watu.

Kisha baba akaanza kukohoa. Alikohoa toka mvua moja hadi nyingine. Nyinyi wa rika langu mnajua jinsi magonjwa yalivyosemwa nyakati zile: kifua, baridi ya safarini, vumbi la mahindi. Aliacha lori, akahamia kitandani nyuma ya pazia, chini ya lile tundu. Kila alipomaliza kukohoa alisema yuko sawa, hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza. Bila shaka Utingo alikuwa amekwisha kukijua kikohozi hicho baba akiwa bado hai. Lakini katika nyumba yenye mgonjwa, nani angetofautisha kikohozi cha mtu na cha ndege wake? Tulikitambua alipobaki mmoja.

Kumzika tulimpeleka Kabuchai, kwao. Utingo alibaki kwa jirani. Tuliporudi Matisi, mama akamtundika tena mahali pake, na kesho yake alfajiri ndipo jambo lilipoanza.

Kama lingeishia alfajiri, labda lingebaki letu. Lakini kila Jumatano jioni akina mama wa ushirika wa maombi walikutana nyumbani kwetu. Ndio waliotufaa. Walikuwa wametuletea mahindi na maharagwe tangu msiba, walikuwa wanunuzi wa chapati za mama, na mmoja wao, Mama Roda, aliyewaongoza, ndiye aliyemwombea mama sehemu ya kuuzia nje ya duka la shemeji yake. Mama Roda alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili, mwenye sauti ya kufika barabarani, na mkarimu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Nasema hivyo mapema ili asieleweke vibaya.

Jumatano ya kwanza, nyimbo zikaisha, Mama Roda akafumba macho akasema, “Tuombe.” Pakawa kimya. Utingo akakohoa. Kifupi, kifupi, kirefu. “Niko sawa.”

Mwanamke mmoja alipiga yowe. Mama akaruka, akachukua karanga kwenye kopo, akampa Utingo kiganja kizima, naye akanyamaza akila. Maombi yakaendelea, ingawa sidhani kuna aliyefumba macho.

Jumatano iliyofuata ikawa vilevile. “Tuombe,” kikohozi, karanga. Ya tatu, Utingo alikohoa Mama Roda akiwa bado hajamaliza neno lenyewe.

Leo nimesoma vitabu viwili vitatu vya wafugaji wa ndege, vya kuokota kwenye mitumba, na ninaweza kueleza kilichotokea kwa sentensi moja. Tulikuwa tunamlipa. Ndege alisikia neno, akatoa sauti, akapewa karanga. Mwanafunzi gani angekosa somo hilo? Lakini mle ndani hakuna aliyekuwa anafikiria masomo. Walichokiona wao ni ndege anayekaa kimya wakati wa chai, kimya wakati wa nyimbo, na anayeamka kwa sauti ya marehemu pale tu Mungu anapoitwa.

“Mama Nekesa,” Mama Roda alisema siku hiyo, kikombe mkononi, “mimi nakupenda, na wewe unajua. Lakini hii ndege iko na kitu.”

“Iko na njaa tu,” mama akasema.

“Njaa gani inangojea maombi? Ati inasikia jina ya Bwana ndio inakohoa? Si hiyo ni kitu imetumwa?”

“Ilisikia baba yao akikohoa. Inaigiza.”

“Basi iigize akicheka! Kwani marehemu hakuwa anacheka?”

Hapo hata mama alitabasamu, na wanawake wakacheka kidogo. Mama Roda hakucheka. Akaweka kikombe chini. “Mpaka Pasaka,” akasema. “Ikifika Pasaka na bado inafanya hivyo, sisi tutahamisha ushirika. Sitaki, lakini hawa wengine wanaogopa kukuja hapa. Na mwenye anaogopa kuingia kwako ataogopa pia chapati yako.”

Mama alijibu, “Pasaka ikifika na hajaacha, atatoka.”

Nilikuwa nimekaa mlangoni mwa chumba cha nyuma, na nikasikia kila neno. Utingo alikuwa kitu pekee cha baba kilichobaki chenye uhai. Lori lilikuwa la tajiri. Koti lake lilizikwa naye. Nikajiwekea kazi yangu: nimwachishe Utingo kukohoa kabla ya Pasaka, ili abaki, na ili mama aache kulia alfajiri. Niliona ni kazi moja.

Njia nilizojaribu mwanzo zilikuwa za mtoto. Nilimfunika kwa gunia. Alikohoa ndani ya gunia. Nilipiga waya kwa mwiko. Akaona ni mchezo, akaongeza sauti ya mwiko kwenye hazina yake. Nilimpigia kelele anyamaze, na jioni yake akampigia kelele mdogo wangu anyamaze, kwa sauti yangu, mpaka mtoto akalia. Kwa vyovyote vile alipata alichotaka, yaani mtu wa kushughulika naye.

Jibu nililipata Kabuchai. Katikati ya muhula mama alinituma kwa senge, dada yake baba, nikachukue mahindi. Ilikuwa kabla ya mvua, watu wanalima, na senge alikuwa anamzoesha nira maksai mchanga ambaye, ukimwekea tu nira shingoni, alilala chini kwenye mtaro. Majirani walikuwa wamemshauri awashe nyasi karibu na mkia wake. Senge alisimama tu kando yake, kwenye mfuko wa aproni ana vipande vya muwa, akingoja. Maksai alipoinuka na kupiga hatua moja, akapata kipande. Alipolala, senge akageuza uso akatazama shamba la jirani.

“Senge, mbona humpigi?” nikauliza.

“Nikipiga, inajua fimbo. Kulima haijui.” Akatafuna kipande cha muwa yeye mwenyewe. “Wewe Nekesa, ng’ombe haijui kuacha kitu. Inajua kufanya tu. Sasa mimi nalipa ile ya kutembea. Ile ya kulala silipi, na siigombanii. Nanyamaza.”

“Na ikilala siku yote?”

“Si mimi pia nitakaa chini, bana. Kwani mimi sichoki?”

Nikamwambia kuhusu Utingo. Akauliza anakohoa vipi. Sikujua namna nyingine ya kumweleza, kwa hiyo nikakohoa kama baba, kifupi, kifupi, kirefu, na lile neno la mwisho. Senge alikuwa ananitazama, kisha akamgeukia ng’ombe, akamshika pembe kana kwamba anataka kuanguka.

“Usinifanyie hiyo tena,” akasema. Kisha akaongeza, bado amenipa mgongo, “Tafuta kitu ingine anajua. Akifanya hiyo, mpe kalanga. Akikohoa, usimwone.”

Nilirudi Matisi na gunia la mahindi na mpango. Kitu kingine alichokijua Utingo kilikuwa mluzi wa muuza maziwa. Nikaona kwamba ndege hawezi kupiga mluzi na kukohoa kwa wakati mmoja, kama vile maksai asivyoweza kutembea amelala. Nilichukua karanga, nikazimenya maganda mekundu, nikagawa kila punje vipande viwili ili ziwe nyingi na asishibe upesi. Nikakaa chini ya tundu kila nilipotoka shule. Alipopiga mluzi, hata kidogo, kipande papo hapo, kabla hajafikiria kitu kingine. Alipokohoa, nilitazama ukuta.

Mwanzo ilikuwa mbaya zaidi. Alikohoa mara nyingi kuliko zamani, kwa nguvu zaidi, akiinama kwenye kijiti chake kunitafuta macho, kama mtu anayegonga mlango ambao jana ulikuwa wazi. Kumsikia baba akikohoa hivyo, bila kupumzika, na mimi natazama ukuta, ni jambo ambalo sijapata neno lake. Lakini nilitazama ukuta. Kisha kikohozi kikaanza kupungua. Nikaanza kusema “Tuombe” mwenyewe, kwa kuigiza Mama Roda, na papo hapo kupiga mluzi, na Utingo akanifuata, na nikamlipa. Baadaye nikaacha kupiga mluzi. Nilisema neno tu, naye akapiga mluzi peke yake. Nilimwomba mama asimpe kitu chochote siku ya Jumatano ila apigapo mluzi. Akakubali kwa kichwa, bila kuniuliza.

Nilitamani kuyahifadhi yale maneno, “Niko sawa.” Hayakuwa na dosari, maneno yale. Nilijaribu kumngoja ayaseme peke yake nimlipe. Lakini kwake yalikuwa mkia wa kikohozi. Hayakuja bila kichwa chake, na kichwa ndicho nilichokuwa nakiua.

Kufikia mvua za kwanza, kikohozi cha jioni kilikuwa kimekwisha. Kilibaki cha alfajiri. Hicho hakikupungua hata kidogo. Kila siku saa kumi na mbili kasorobo, kupitia ukuta, kifupi, kifupi, kirefu, “Niko sawa.” Na kila nilipoingia sebuleni kabla ya shule nilimkuta mama akiwasha jiko, macho mekundu. Sikuelewa. Nilikuwa nimeacha kukilipa kabisa kikohozi kile. Kwa hesabu ya senge, kisicholipwa hufa.

Halafu siku moja nikifagia chini ya tundu nikaona maganda. Maganda membamba mekundu ya karanga, mazima, yamepeperuka mpaka miguuni mwa kitanda cha mama. Mimi nilimenya zangu zote. Nikayaokota, nikayatazama, nikafikiri kwa makini sana, kama nilivyofanya kila kitu, na nikafikia uamuzi: panya. Panya walikuwa wanaiba kwenye kopo alfajiri, wanapita juu ya boriti, wanadondosha karanga tunduni, na Utingo anaokota. Leo naweza kuona kwamba hakuna panya wa namna hiyo duniani. Lakini nilikuwa na tatizo, na panya walilimaliza.

“Mama,” nikasema jioni hiyo, “panya wanampa Utingo karanga asubuhi. Ndiyo maana haachi. Nimlaze kwetu, kule nyuma, mlango ufungwe?”

Mama alikuwa anasukuma chapati. Aliendelea kusukuma ile moja mpaka ikawa nyembamba kupita kiasi, ikachanika.

“Panya,” akasema.

“Nimeona maganda.”

Alinitazama. Mimi nilidhani anawaza juu ya panya. “Pasaka imebakiza siku ngapi?” akauliza, ingawa alijua. Kisha akaukunja ule unga uliochanika akaanza upya. “Mpeleke,” akasema.

Nilimpeleka. Nikamtundika juu ya magunia ya mahindi, nikafunga mlango kwa komeo kila usiku. Alfajiri za mwanzo alikohoa, akangoja, akitazama mlango. Hakuna aliyekuja. Mimi niligeukia ukuta chini ya blanketi. Alipopiga mluzi nilinyosha mkono nikampa kipande. Ikafika alfajiri ambayo redio ya jirani ilitaja saa, na nikangoja, na Utingo akapiga mluzi wa maziwa, mrefu na safi. Nilikumbatia magoti yangu kwa furaha.

Ushirika wa wiki ya Pasaka nyumba ilijaa, kwa sababu habari ilikuwa imeenea kwamba hiyo ndiyo siku ya hukumu ya ndege. Nilimrudisha Utingo sebuleni. Nyimbo zikaimbwa, kayamba zikapigwa. Mama Roda akasimama, akamtazama Utingo jicho kwa jicho, akafumba macho, akasema polepole sana, “Tuombe.”

Utingo akainamisha kichwa. Akapiga mluzi.

“Maziwa!” mtu akaropoka, na chumba kizima kikaangua kicheko.

“Bwana asifiwe! Imeokoka hiyo ndege!” Mama Roda alinishika mashavu kwa mikono miwili. “Huyu mtoto, nani alikufunza? Sasa mfunze na mzee wangu aache kukoroma!” Wakacheka mpaka wakafuta machozi. Nilikuwa sijawahi kusifiwa na watu wengi namna ile. Nikamtafuta mama anione. Alikuwa amechukua birika na kutoka nje, na birika lilikuwa limejaa.

Utingo aliendelea kulala kwetu nyuma, ila komeo sikulifunga tena. Sikumbuki ni alfajiri ngapi zilipita. Nakumbuka kuamshwa na kikohozi.

Kifupi, kifupi, kirefu. Nikafungua macho nikidhani kazi yangu yote imeharibika. Mama alikuwa amechuchumaa juu ya magunia ya mahindi, uso karibu na waya. Ni yeye aliyekuwa anakohoa. Alikuwa anajaribu kuushusha mkwaruzo ule hadi chini kifuani, na haukushuka, kwa sababu koo lake lilikuwa la mwanamke mzima wa afya. Utingo alimtazama kwa upande. Akapiga mluzi. Mama akatikisa kichwa, akakohoa tena.

“Niko sawa,” akamwambia. “Sema. Niko sawa.”

Utingo akapiga mluzi, akatazama kiganja chake. Kiganja kilikuwa wazi, na ndani yake mlikuwa na karanga nzima, zenye maganda yake mekundu.

Ndipo panya wote wakatoweka nyumbani kwetu.

Mama aligeuka akaona nimeamka. Hakuona haya, na hakunikasirikia. Afadhali angenikasirikia. Aliniuliza kwa sauti ya mtu anayeulizia dawa dukani: “Wewe ndiye ulimfundisha kuacha. Si unaweza kumfundisha kurudi?”

“Naweza,” nikasema.

Sikuweza. Nimeifikiria kazi ile kwa miaka, na sioni hata leo ningeifanya vipi. Njia ile ya senge ina kasoro moja ambayo hakuniambia, labda kwa sababu hakuwahi kuihitaji: unalipa kile anachofanya mnyama. Asichokifanya hukilipi. Niliacha kuulipa mluzi, nikakaa chini ya tundu nikimngoja akohoe. Alipoona mluzi haulipwi, alinitolea kila kitu alichokuwa nacho, kimoja baada ya kingine, kwa hamu ya kunipendeza. Geti. Mtoto wa mlango wa tatu. Mwiko kwenye waya. “Tuombe,” kwa sauti ya Mama Roda. Mimi nikimkemea mdogo wangu. Nilitikisa kichwa kwa kila kimoja. Wataalamu wanasema ndege kama huyo hasahau kabisa. Yamkini baba alikuwa bado mle ndani mahali fulani, ila hapakuwa na aliyejua kumwita.

Nikaanza kumkoholea mimi. Nilikijua kikohozi kile vizuri. Senge alikuwa shahidi. Nilimkoholea asubuhi na jioni mpaka koo likaniwasha, na mwishowe akakitoa: kifupi, kifupi, kirefu, “Niko sawa.” Nilimlipa punje nne kwa mpigo, nikamwita mama kwa kelele.

Alikuja mbio na sufuria mkononi, akasimama mlangoni. Utingo akarudia. Mama akasikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama. Kilikuwa chembamba, kile kikohozi. Kilikuwa cha mtoto wa kike anayeigiza.

“Huyo ni wewe,” akasema, akarudi jikoni.

Leo watu wana sauti za marehemu wao kwenye simu. Wanazicheza kwenye kumbukumbu za mwaka, wanatumiana. Simu za nyakati zile, kwa waliokuwa nazo, zilikuwa za kupiga tu. Tulikuwa na redio ya kaseti, na hakuna siku mtu yeyote alifikiri kubonyeza kile kitufe chekundu mbele ya baba. Kwa nini angefikiri? Alikuwa pale pale, nyuma ya pazia, anasema yuko sawa.

Utingo alivunjika moyo, ikiwa ndege huvunjika moyo. Kilicholipwa jana leo hakilipwi, na kila mtu alimjia na uso wa kungoja kitu asichokijua. Akaanza kujinyonyoa. Alianza na kifua, unyoya mmoja mmoja, kwa utaratibu, mpaka ngozi ya kijivu ikaonekana. Nyumbani tukawa tunaamka kwa mluzi wa maziwa, na mama akawa halii tena alfajiri. Alikuwa anawasha jiko tu. Nilichokuwa nimekitafuta kwa kazi ile yote, nilikuwa nimekipata.

Mama alipoamua kumuuza, mnunuzi alikuwa mwenye hoteli kutoka Moi’s Bridge, aliyekuwa akimjua baba tangu enzi za lori. Alitaka ndege wa kuchekesha wateja. Mama alimtoa Utingo nje kwenye mwanga, penye kamba ya nguo, na mimi nikasimama nyuma yake nikishika kopo la karanga.

“Mama Nekesa, hii si imenyonyolewa kama kuku ya Krismasi?” yule mtu akasema. “Bado maji moto tu.”

“Zitaota,” mama akasema.

“Lakini inaongea?”

“Alikuwa anaongea.”

“Ilikuwa inasema nini?”

Mama aliweka mkono kwenye waya wa tundu. “Alikuwa anasema yuko sawa,” akasema.

Yule mtu akacheka, akasema hata wateja wake husema hivyo wakiwa wamelewa, akaanza kutoa noti moja moja mfukoni. Baba hakuwahi kumwambia mtu alimnunua Utingo kwa bei gani. Mama alimuuza kwa shilingi mia sita.